Mizani ya Mabegi

Kosa la Kudra lilikuwa kuomba mizani.

Tangu mwezi wa tatu alikuwa ameifunika safari yake vizuri kabisa. Tiketi alikata mwenyewe, likizo aliomba mwenyewe, na mtu pekee aliyejua ni Kwamboka, muuguzi mwenzake Mkenya, ambaye akiambiwa siri hata mumewe haipati. Zikabaki siku kumi na mbili. Ndipo Kudra alipokaa na karatasi za safari akasoma kwamba ile ndege ndogo ya pili haina mchezo na kilo. Akaogopa kuja kufunguliwa begi mbele za watu, na bila kufikiri mara mbili akaandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Texas: "Asalaam aleikum ndugu zangu. Mizani ya mabegi iko kwa nani siku hizi?"

Sasa, lazima mtu aijue hiyo mizani. Ni kidude cha mkononi, kina ndoano na kioo kidogo cha namba, kimefungwa utepe mwekundu ili kisipotee. Nani alikinunua, hakuna anayekumbuka. Kinakaa kwa mtu wa mwisho kutoka nyumbani mpaka atokee anayekwenda, na hivyo ndivyo kilivyozunguka Houston, Dallas, na Houston tena, miaka nenda miaka rudi. Wapo walionunua zao mpya zikalala kabatini, kwa kuwa mizani ya watu wote ndiyo inayoaminika. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiomba akiwa anakwenda kwingine. Kuiomba ni kutangaza. Kudra alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, akalisahau kwa dakika moja, na dakika moja ilitosha.

Mizani ilikuwa Irving kwa Wilbroad, Mhaya anayefanya kazi uwanja wa ndege, mtu mwema sana mwenye kasoro moja tu, kwamba wema wake hauna breki. Alijibu hapo hapo. "Iko kwangu dada. Hongera sana kwa kwenda nyumbani. Lini?"

Kudra akaandika, "Tarehe 14."

Alijibu alichoulizwa, basi. Uongo ulizaliwa hapo, na hakuna neno hata moja aliloandika ambalo halikuwa kweli. Kufika jioni pongezi zilikuwa zimejaa, safari njema, usisahau kutuletea karanga, wasalimie Tanga. Mara tatu alianza kuandika, "Jamani, siendi nyumbani," na mara tatu akafuta. Maana swali linalofuata angelijibuje?

Jumamosi Wilbroad aliendesha gari kwa saa nne na nusu kutoka Irving mpaka Pearland. Mizani ilikuwa mfukoni mwake. Buti la gari lilikuwa limejaa.

"Nilikuwa nije Houston anyway," alisema huku akishusha. "Nikaona badala ya kuleta mizani peke yake, ni-collect na vitu vya watu wa Dallas. Usijali dada, ni vidogo vidogo."

Vidogo vidogo vilikuwa viatu vya shule jozi mbili, mashine ya kupimia presha, chupa za vitamini zisizohesabika, kompyuta iliyoviringishwa taulo, na magongo ya kutembelea ya mzee mmoja wa Korogwe. Kila kitu kimebandikwa karatasi yenye jina na namba ya simu ya mtu atakayekuja kukichukua. Wilbroad akavipakia vilivyoingia kwenye begi, akalitundika kwenye ndoano, akalinyanyua kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akasoma namba kwa furaha. "Kumi na nane nukta mbili. Bado una nafasi ya kutosha."

"Kaka Wilbroad," Kudra alianza.

"Naam dada."

Alimtazama yule mtu, jasho linamtiririka, ametoka Irving kwa ajili yake na kwa ajili ya watu ambao hata hawajui. "Utakunywa chai au kahawa?"

Akanywa chai, akala na maandazi matatu, akaondoka akisema Mungu amtangulie.

Ukweli wenyewe ulikuwa picha ya kalenda. Katika chumba wanamosafishiwa damu wagonjwa wa figo, pale hospitali, kulikuwa na kalenda ya mwaka 2016 iliyoletwa na duka fulani la dawa, na mwezi wa Juni ulikuwa na kijiji cha Italia kilichokaa juu ya mwamba. Nyumba za rangi ya waridi, za manjano, za chungwa, zimebebana mpaka ukingoni kabisa mwa maji, kama watoto waliogombania kuona kitu. Chini yake yameandikwa maneno mawili, Cinque Terre. Kudra aliyatafuta kwenye simu, akakuta ni vijiji vitano vinavyofuatana kando ya bahari, na njia ya miguu inapita katikati yao. Juni ilipokwisha mtu alitaka kufunua Julai, Kudra akamwambia aache. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, na katika chumba kile bado ilikuwa Juni. Wagonjwa wanakaa saa nne nne kwenye mashine, wanahitaji kitu cha kuangalia, ndivyo alivyowaambia wenzake. Lakini aliyekuwa anaangalia zaidi ni yeye.

Jumapili asubuhi, wakibadilishana zamu, alimsimulia Kwamboka habari ya Wilbroad na magongo. Kwamboka alicheka mpaka akashika ukuta.

"Si uwaambie tu? Wewe ni mtu mzima, una miaka hamsini na moja. Ama utapelekea Wataliano viatu vya shule?"

"Huelewi. Kwetu mtu akipata likizo anakwenda nyumbani. Asiyekwenda ana sababu, hana makaratasi, hana nauli, anaumwa. Mimi sababu yangu ni ile kalenda."

Kwamboka aliacha kucheka, akaitazama kalenda. "Hata kwetu ni hivyo hivyo," alisema. "Mimi nikiambia mama yangu naenda holiday, ataniuliza ni nani amekufa."

Simu ya Kudra ililia wakati ule ule. Alikuwa Bi Mwatumu.

Bi Mwatumu anaishi Sugar Land kwa binti yake, ana miaka sitini na saba, na kwa watu wa Tanga waliotapakaa Houston yeye ndiye mama, shangazi na fundi cherehani. Alikuja mwaka 1999 kulea mjukuu wa kwanza. Makaratasi yake yakaharibika njiani kwa sababu ya wakili mmoja ambaye hakuna haja ya kumtaja, na tangu hapo akitoka hawezi kurudi. Amekaa miaka kumi na tisa hajaiona Tanga wala dada yake Hadia, aliyebaki kule peke yake baada ya ndugu wengine wote kufariki.

"Nimesikia habari njema," alisema kwenye simu. "Leo mchana njoo. Nina kazi na mwili wako."

Kudra alikwenda. Ungekuwa wewe ungekataaje?

"Shikamoo Bi Mwatumu."

"Marahaba mwanangu. Viatu acha hapo hapo. Njoo usimame hapa kwenye mwanga."

Juu ya meza kulikuwa na gauni refu la kijani, limekatwa na kushikizwa kwa nyuzi kubwa kubwa, bado halijashonwa. Bi Mwatumu alimvalisha Kudra juu ya nguo zake, akaanza kuzunguka na pini mdomoni.

"Hadia ana mabega kama yako, na kiuno kama chako, hata huku nyuma ni hivyo hivyo. Nilimshonea tangu tuko wasichana, najua. Sasa sikiliza. Utamvalisha wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Usimwachie yule mkwewe anayekaa naye. Halafu umpige picha amesimama. Hadia akikaa anafanana na mgonjwa."

Alisema hayo akiwa amepiga magoti, anapima pindo. Kudra aliona mvi zake kutoka juu, na ile njia nyembamba aliyochana katikati. Kudra aliweza kumnywesha Wilbroad chai akanyamaza. Kwa huyu hakuweza.

"Bi Mwatumu, mimi siendi Tanga."

"Unafikia Dar kwanza, najua."

"Siendi nyumbani kabisa. Nakwenda Italia."

Mikono ya yule mama ilisimama. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Italia kuna nini? Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Mkutano wa kazi?"

"Hapana. Kuna vijiji vitano kando ya bahari. Nakwenda kuviangalia."

"Kuviangalia."

"Ndiyo."

"Ukishaviangalia?"

"Narudi."

Bi Mwatumu aliinuka kwa kushika kiti, akakaa. Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Mimi mama yangu nimemzika kwa simu. Binti yangu alinishikia simu nikasikia watu wanaitikia dua. Wewe una pasi ya bluu ya Marekani kwenye mkoba. Ukitaka kesho unaondoka, kesho kutwa unamshika Hadia mkono. Na bahari unayokwenda kuiangalia ni ya Italia."

Kudra aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine, na kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye gauni la pini hawezi kukimbia, kikatoka.

"Mara ya mwisho nilikaa Tanga wiki tatu," alisema. "Kwa kaka yangu Chumbageni. Bahari naisikia harufu kila asubuhi. Sikuikanyaga, Bi Mwatumu. Siku tisa nilikuwa nagawa mizigo ya watu. Siku nne niko hospitali na mjomba. Siku zilizobaki nimekaa sebuleni, kila anayeingia ana shida yake, na wote wana haki, sisemi hawana haki. Safari mbili kabla ya hiyo nilikwenda kuzika, kwanza baba, halafu mama. Nikirudi kazini wananiuliza, how was your vacation? Nawaambia fine. Miaka kumi na minne sijapumzika hata siku moja." Akafuta macho kwa mkono wa gauni la mtu. "Naweza kubadilisha tiketi. Ukisema nibadilishe, nabadilisha leo hii."

"Usinitwishe mimi hilo," alisema Bi Mwatumu. Akamsogelea. "Vua. Taratibu, utajichoma."

Kudra alitoka nyumba ile bila kula, jambo ambalo halijawahi kumpata mtu Sugar Land.

Nyumbani alifungua kompyuta, akafika mpaka ukurasa wa kubadilisha tiketi. Houston kwenda Dar, nafasi zipo. Alikaa pale muda mrefu, mizigo ya watu imemzunguka sebuleni, magongo ya mzee wa Korogwe yameegemea televisheni. Kilichomwamulia hakikuwa ujasiri, kusema kweli. Kitu alichokuwa anakiogopa kuliko vyote ni kuuona uso wa Bi Mwatumu ukibadilika, na sasa alikwisha kuuona. Hakikubaki kingine cha kuogopa. Akafunga ukurasa, akachukua simu.

"Ndugu zangu niwieni radhi. Siendi nyumbani. Nakwenda Italia kupumzika. Mizigo yote iko salama na majina yake."

Kundi lilinyamaza saa mbili, kundi ambalo halinyamazi hata saa ya futari. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Wilbroad. "Dada, kwa hiyo mizani huihitaji?"

"Naihitaji kaka. Nitaipeleka kwa atakayefuata."

Hapo ndipo wakaanza. Italia ana nani? Ameolewa huko? Mmoja aliandika kwamba zamani watu walikuwa na huruma na wazazi, akajibiwa na mwingine kwamba wazazi wa Kudra wote wawili wamelala udongoni, aache. Isack wa Katy akasema anakwenda Moshi mwezi wa kumi na moja, mizigo imngoje. Na pembeni, bila kundi kujua, uliingia ujumbe wa Abigail, yule anayefanya kazi ofisi ya bima, mtu ambaye Kudra hajawahi hata kuzungumza naye vizuri. "Da Kudra samahani. Hiyo leave uliombaje? Mimi sijawahi kuomba leave bila msiba. Uliandika reason gani?" Kudra aliusoma mara mbili. Akamjibu kwamba kwenye sehemu ya sababu aliandika kupumzika, na hakuna aliyemuuliza.

Kutoka Sugar Land hakukuja neno. Jumatatu kimya, Jumatano kimya. Kudra alifunga begi lake, akalitundika kwenye ndoano yenye utepe mwekundu. Kilo kumi na moja. Hakuwahi kusafiri na begi jepesi namna ile, akadhani mizani imeharibika, akapima mara ya pili.

Ijumaa saa tano asubuhi Kwamboka alikuwa ameshawasha gari la kumpeleka uwanja wa ndege, mara gari la binti yake Bi Mwatumu likaingia na kuziba njia. Mama mwenyewe alishuka taratibu, amebeba mfuko wa nailoni.

"Nilikata kwa mwili wako," alisema, hata salamu hakungoja. "Nitafumua ya nini."

Ndani ya mfuko kulikuwa na lile gauni la kijani, limeshonwa, limepigwa pasi, na chini yake kopo la visheti.

"Na Bi Hadia?" Kudra aliuliza.

"Nilimpigia kwa video nikamwonyesha, nikamweleza yote. Akaniuliza hivyo vijiji viko juu au viko chini. Nikamwambia sijui, nitamuuliza mwenyewe."

"Viko juu ya mwamba. Lakini maji yako pale pale chini ya miguu."

Bi Mwatumu alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu. Akamshika Kudra mkono, akamvuta kidogo mbali na magari. "Kuna mtu atakupokea huko?"

"Hapana."

"Kuna wa kumpelekea kitu?"

"Hapana, mama."

"Nilikukasirikia. Halafu nikalala nafikiria." Alikuwa anaangalia nyasi, si uso wa Kudra. "Siku Mungu akinifungulia, nikishuka Tanga, sitaki mtu aje kunipokea. Hata Hadia. Nataka niende Raskazone nikae ufukweni peke yangu mpaka nichoke, ndipo waanze kunililia. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, wataniona sina akili. Galveston wamenipeleka mara moja. Ile si bahari, ile ni chai ya maziwa." Akamwachia mkono. "Nenda ukakae. Ukimaliza kukaa kwa ajili yako, kaa kidogo na kwa ajili yangu."

Kudra alilia njia nzima mpaka uwanja wa ndege.

Siku mbili za mwanzo kule Italia hakujua afanye nini na nafsi yake. Kila akiamka mkono unakwenda kwenye simu kuangalia nani anataka nini. Alipanda treni ndogo inayotoboa mlima, inashusha watu kijiji hiki, inawapandisha kile. Corniglia alikuta ngazi zaidi ya mia tatu kutoka stesheni, akazipanda kwa magoti yake ya hamsini na moja, akipumzika kila kona, na hakuna aliyemwambia afanye haraka. Monterosso walimuuzia dagaa wa kukaanga kwenye koni ya karatasi. Dagaa kabisa, na vichwa. Madirishani watu wamepanda mrehani kwenye makopo, na alipoingia mahali pa kula akagundua kwamba wenzetu hawa hawauweki kwenye nywele, wanautwanga na kuula na tambi. Alicheka peke yake pale mezani, akaula wote.

Siku ya nne alivaa gauni la kijani. Alishuka Vernazza mpaka kwenye bandari yao ndogo, akapita mashua zilizofunikwa turubai, akatafuta jiwe lililonyooka, akavua viatu. Lilikuwa ni jua la alasiri, nyumba zote za waridi na za manjano ziko nyuma ya mgongo wake, zile zile za kalenda. Hata hakugeuka kuziangalia. Aliingiza miguu majini.

Saa ya kwanza ilikuwa yake. Hakuwaza kitu cha maana. Aliwaza mama yake alivyokuwa anapenda kukosoa chumvi ya watu, akacheka, kisha akalia kidogo, kisha ikapita. Alikuwa ametulia, na alijua ametulia, na hakumwonea mtu aibu.

Saa ya pili alikaa kwa ajili ya Bi Mwatumu. Alimwomba mwanamke mmoja aliyekuwa anapita ampige picha, akakumbuka agizo la Bi Mwatumu, akasimama. Akaituma Sugar Land.

Haukupita muda sauti ya Bi Mwatumu ikaingia kwenye simu, na nyuma yake wajukuu wanabishana kwa Kiingereza. "Nimemtumia Hadia, ameiona. Anasema gauni lake limekukaa vizuri, usilimwagie mafuta, na likizo ijayo ulilete mwenyewe umvalishe. Amesema na mkwewe atamfukuza sebuleni siku hiyo, ili mwende ufukweni nyinyi wawili." Sauti ikakatika kidogo, halafu ikarudi, imeshuka. "Na mimi nauliza. Hayo maji yakoje? Ya baridi au ya uvuguvugu? Mimi nimesahau yanavyokuwa miguuni."

Kudra alikuwa na jibu tayari mdomoni, maana alikuwa ametoka majini sasa hivi. Lakini alikaa tena kwenye jiwe, akapandisha pindo la gauni la Bi Hadia mpaka magotini, akairudisha miguu yote miwili ndani na kungoja, apate kumjibu kwa uhakika.